Jino zima limechimbwa kwa kekee kwa sababu ya mstari mweusi kwenye eksirei!!

Wadau, asalaam aleikum, na wengine hamjambo. Leo siulizi kitu, nalalamika. Mwenye haraka apite.

Mwaka jana niliziba gego la chini la kulia kwenye kliniki moja hapa kisiwani Mombasa. Kizibo cheupe, kile cha kukaushwa kwa taa ya buluu. Halijaniuma hata siku moja. Mabuyu namung'unya, kashata natafuna. Wiki mbili nyuma nikavuka daraja la Nyali, kliniki nyingine, kwa jino la juu, tena la kushoto! Nikapigwa eksirei pande zote mbili. Daktari akagonga skrini kwa kalamu: "Hapa chini ya kizibo pameoza. Waona weusi huu?"

Nikauona. Mstari mwembamba kama uzi, umelala chini ya kizibo chote. Mie fundi cherehani, nitabisha na nini? Kwa bahati niliupiga picha na simu. Basi ganzi, kekee, kizibo chote nje. Kisha kimya. Akachokoa, akachungulia na kile kioo kidogo, akamtazama msaidizi wake. "Si mbaya sana."

Nilipombana ndio akasema ndani ni pagumu, hamna uozo. Akaziba upya. Bili elfu sita na mia tano, na sasa jino lililokuwa halina neno, nikinywa maji ya baridi nashtuka hadi utosini.

Nikampelekea ile picha ya simu daktari wa tatu, mtu mzima, hana papara. Akacheka kwa huzuni. "Mamangu, eksirei haijui kuoza. Yajua kinachozuia miale na kisichozuia." Vile vizibo vya zamani vya fedha na zebaki hutoka vyeupe pe, hata mtoto avitambua. Hivi vya rangi ya jino ni rizini, yaani aina ya plastiki, na rizini peke yake miale yapita tu, yatoka nyeusi kama tundu. Ndio viwanda vikachanganya unga wa kioo chenye madini ya bariamu au strontiamu, yanayozuia miale, ili kizibo kionekane. Na hata kizibo kikitoka cheupe kwenye eksirei, gundi inayokishikiza mara nyingi haina unga huo. Ikituama chini, yaacha mstari mweusi. Akanionyesha: uozo kingo zake hufifia, kama chai iliyomwagikia kitambaa. Wangu ulikuwa umekatika safi, kama kwa mkasi.

Tena kuna kipimo cha kimataifa, ISO 4049: kiwanda kikidai rizini yake yaonekana kwenye eksirei, isipungue weupe wa alumini ya unene uleule. KIKIDAI! Na alumini hiyo yakaribiana na dentini, ile nyama ngumu ya ndani ya jino. Gamba la nje lazidi kama mara mbili. Kwa hiyo kizibo chaweza kupita kipimo na bado kisitofautike na jino lenyewe.

Sasa hasira yangu. Nilipigia kliniki ya kwanza kuuliza waliniwekea nini. Jibu: "Dawa ya kawaida, ya rangi ya jino." Risiti: "Kuziba jino 1". Basi! Mimi nikishona dera la mia nane naandika kwenye daftari kitambaa gani, mita ngapi, uzi gani, mteja akirudi baada ya mwaka najua nafungua nini. Hawa wanaacha kitu kinywani mwa mtu miaka kumi na hawaandiki jina lake wala gundi yake! Daktari anayefuata afanye ramli? Na huyu wa pili naye, simu ya dakika mbili kwa mwenzake kabla ya kushika kekee ingemgharimu nini? Jino haliumi, mwenyewe hajalalamika, haraka ya wapi?

Jana nimerudi Nyali kudai nakala ya picha yangu na jina la dawa waliyoweka. Dada wa mapokezi: "Ya nini tena, si jino limeshazibwa?"

Nimefungua risiti yao mpya nikiwa kwenye tuktuk. "Kuziba jino 1".