Upana wa milango kwa nyumba yenye chumba cha duka

Mjenzi Mpya: Habari zenu wakuu. Ninajenga nyumba Kibaha, yenye chumba cha duka upande wa barabara. Fundi anataka kuacha sentimita 90 kwa kila mlango, ila mama yangu anatumia kiti cha magurudumu. Je, zinatosha?

Seremala wa Pwani: Ndugu, muulize kwanza kama hizo 90 ni za tundu la ukutani au za mlango wenyewe, kwa sababu fremu ya mbao ikichukua sentimita 5 kila upande, na unene wa mlango uliofunguliwa ukabaki njiani, mama atapata njia ya sentimita 76 hivi. Viwango vya Marekani vya majengo ya umma vinadai njia iliyo wazi isiyopungua sentimita 81.5, kwa hiyo mimi ningeacha tundu la mita 1, hata chooni, ambako mafundi wengi hubana bila sababu ya maana. Mlango wa choo ufunguke kwa nje, ili mtu akianguka ndani asiuzibe.

Bi Dukani: Naunga mkono. Kwa duka, weka mlango wa mbawa mbili wenye mita 1.5 au zaidi. Siku za kawaida utafungua ubawa mmoja, na friji ikija utafungua yote. Ubawa wa kila siku uwe mpana kuliko mwenzake, la sivyo mama hatapita.

Mjenzi Mpya: Ahsanteni. Kuta hazijafika usawa wa linta (boriti inayopita juu ya milango), kwa hiyo kesho nitampa fundi vipimo vipya.