Nabadilisha programu ya simu ya kikoba: meseji za M-Pesa nizihifadhije zisipotee?

MwekaHazina_Kihonda

Wakuu habari za jioni. Niko Morogoro, Kihonda. Simu yangu ni Redmi Note 8 ya GB 64, niliinunua mwaka 2020. Siku hizi ni nzito mpaka kuandika meseji ni kazi, nafasi imebaki GB 3, na masasisho yalikoma zamani. Mtoto wa dada yangu yuko chuo cha SUA mwaka wa pili, anasema ataiwekea LineageOS, programu endeshi nyingine ya Android, iwe nyepesi. Namwamini, ila kaniambia jambo lililoninyima usingizi: lazima simu ifutwe yote kwanza.

Mimi ni mweka hazina wa kikoba cha akina mama 22. Daftari ninalo, lakini ushahidi wa nani katuma hisa siku gani uko kwenye meseji za M-Pesa. Mwaka jana tulibishana na mwenzetu kuhusu marejesho ya shilingi 85,000. Nikafungua meseji ya siku ile, tukaisoma wote, yakaisha pale pale bila mtu kununiana. Meseji ninazo tangu Januari 2022, sijafuta hata moja.

Jingine, nafundisha sauti ya pili kwenye kwaya ya kanisani na mazoezi huwa narekodi kwa kinasa sauti cha simu. Humo zimo nyimbo tulizotunga wenyewe, hazijaandikwa popote.

Naomba kujua: hizo meseji na sauti nizitoeje zote, na nitajuaje kweli zimetoka zote? Na hela za kikoba zilizomo kwenye M-Pesa, simu ikifutwa zinakuwaje?

Chuma_Tanga

Dada usihangaike, washa bakapu ya Google tu. Ukishaingia na akaunti yako kwenye romu mpya, yaani hiyo LineageOS, kila kitu kinarudi. Mimi nimefanya hivyo mara tatu.

Fundi_Makoroboi

Shikamoo dada kama umenizidi. Mimi fundi simu hapa Mwanza, kazi hii nina miaka kumi na tatu nayo. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu umeuliza swali ambalo wateja wangu wengi huliuliza wakati simu imeshafutwa.

Tuanze na hela, upate kulala. Hela za M-Pesa hazikai kwenye simu. Zimefungwa na namba yako kwenye mitambo ya mtandao. Siku ya kazi toa laini, iweke kwenye kitochi, piga *150*00#, utaona salio lako lilivyo. Na iache humo mpaka kazi iishe, wanachama waendelee kutuma.

Meseji ndizo zinazokaa kwenye simu, na hapo sikubaliani na ndugu wa Tanga. Bakapu ya Google ni nzuri na uiwashe, lakini huwezi kuifungua ukahesabu meseji zilizomo. Unaletewa wakati wa kuanzisha simu upya, zikipungua huna pa kuuliza. Halafu LineageOS haiji na programu za Google. Kijana asipoweka kifurushi chake, kama MindTheGapps, mara tu baada ya kuweka romu na kabla ya simu kuwaka mara ya kwanza, hiyo bakapu hutakuwa na mlango wa kuiingilia.

Tumia programu inayoitwa SMS Backup & Restore. Inazitoa meseji zote kwenye faili moja la XML. Lihamishie kwenye laptopu ya kijana, mwambie alifungue kwa Notepad. Juu kabisa ataona neno smses, mbele yake count na namba. Hiyo ndiyo idadi ya meseji zilizotoka. Kisha chagua miamala mitano unayoikumbuka vizuri, mmoja wa kila mwaka na mingine ya kati, tafuta namba ya muamala humo ndani. Ile ya 85,000 iwe mojawapo. Ukiikuta nzima, na tarehe yake, na jina la mtumaji, hapo unayo bakapu. Usipoifungua ukaisoma, mimi siihesabu.

Sauti za kwaya kwenye Xiaomi, kampuni ya hiyo Redmi yako, hukaa folda la MIUI, ndani yake sound_recorder. Usizivute kwa panya kama picha za harusi. Waya ukitikisika kidogo uhamishaji hukatika katikati, na nimeona watu wakidhani umekwisha. Kijana awashe utatuzi wa USB (ruhusa ya kompyuta kuiamrisha simu), kisha kwenye dirisha la amri la laptopu aandike `adb pull -a /sdcard/ D:\bakapu`. Ile -a inabakiza tarehe za mafaili, maana bila hiyo mazoezi yote yataonekana yamerekodiwa siku moja. Mwisho kompyuta itamwambia imevuta mafaili mangapi. Wewe mwenyewe, kwa masikio yako, sikiliza nyimbo tatu nne kutoka kwenye laptopu.

WhatsApp: fanya bakapu kutoka ndani yake, na folda lake litakuwa limeshavutwa, liko Android/media/com.whatsapp. Kama uliwahi kuwasha usimbaji wa bakapu, hakikisha unayo nywila uliyoweka au ule ufunguo wa herufi 64. Bila huo faili lipo lakini halifunguki, hata kwa fundi.

Hivyo vyote ni vyako wewe. Sasa kuna vya simu yenyewe, na hapo ndipo vijana wengi wanaokimbilia romu hawafiki.

Mwaka 2017 mwalimu mmoja wa Sengerema aliniletea simu ya chipu ya MediaTek imekwama kwenye nembo. Picha zake nilizitoa vizuri, nikajiona nimemaliza. Nikaifulashi, yaani nikaiwekea programu upya, kwa kuchagua kufuta yote ndani ya programu ya kufulashia. Ikawaka, safi, nyepesi. Nikabonyeza *#06#, IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu, hakuna. Ile "kufuta yote" ilikuwa imefuta na eneo la nvram ambamo IMEI hukaa. Laini ikawa haisomi. Na hii ni baada ya Juni 2016, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walipozima simu zenye IMEI bandia, na sheria ya mawasiliano ya 2010 inakataza kuchezea IMEI. Sikuwa na nakala ya nvram ya simu ile. Nilimnunulia mwalimu simu nyingine ya shilingi 180,000, kodi ya kibanda mwezi ule nikalipa kwa mkopo. Tangu hapo simu haifutwi mezani kwangu kabla sijatoa nakala ya eneo hilo.

Yako ni chipu ya Snapdragon, kwa hiyo maeneo hayo ya IMEI yanaitwa modemst1, modemst2 na fsg, pamoja na persist inayoshika vipimo vya vihisio, kidole kikiwemo. Kijana akishafungua butiloda (kufuli linalozuia simu kuwekewa programu nyingine) na kuingiza TWRP (programu ndogo ya kuhifadhi na kuweka romu), kabla hajagusa romu, aende kwenye Backup, aweke tiki EFS (ndiyo hayo maeneo ya IMEI) na Persist. Ni megabaiti chache tu. Lakini TWRP huhifadhi nakala ndani ya simu hiyo hiyo, na hatua inayofuata ya kuweka LineageOS ni kufomati data, ambayo inaondoka na folda la TWRP. Kwa hiyo kwanza alivute kwenye laptopu, pili alione liko pale, ndipo afomati. Na asije akadhani TWRP imemhifadhia sauti zako: bakapu yake ya Data haichukui hifadhi ya ndani, picha na rekodi haimo.

Leo hii bonyeza *#06#, andika IMEI zote mbili kwenye daftari la kikoba. Ukipenda tuma mojawapo kwenda 15090 uone inavyotambulika.

Swali langu kwako: una programu ya benki ya kikoba kwenye simu hiyo? Nijibu kabla hamjaanza.

Mvita_254

Dada, mimi naongeza moja. Niko Mombasa, kazi yangu ni ya bandarini, kutoa mizigo. Mwaka 2022 nilifuta simu nikiwa nimehifadhi kila kitu kama alivyosema fundi, ila nikasahau Google Authenticator. Wakati huo ilikuwa bado haihifadhi kwenye akaunti, hilo limekuja Aprili 2023. Nikakaa siku tisa siwezi kuingia kwenye barua pepe ya kazi, na kontena la mtu liko uwanjani linahesabiwa siku. Kama una programu yoyote ya kutoa tarakimu sita za kuingilia, ihamishe kwa simu nyingine kwanza. Na uijue nywila yako ya Google kwa kichwa, kwa sababu simu ikishafutwa inaweza kukuuliza akaunti ile ile ya zamani kabla haijakuruhusu kupita.

Fundi, heshima kwako kwa ile simu ya mwalimu.

MwekaHazina_Kihonda

Marahaba fundi, asante sana, na wewe kaka wa Mombasa asante. Nimeandika IMEI kwenye daftari ukurasa wa mwisho, na katibu ameshuhudia.

Ndiyo, programu ya benki ninayo. Kila mwezi hela zikifika milioni moja nahamishia benki. Kuna tatizo?

Halafu kijana ameshaingiza simu kwenye kufungua butiloda, kaambiwa asubiri saa 168. Ni kawaida?

Fundi_Makoroboi

Saa 168 ni kawaida kwa Xiaomi, ni siku saba. Usitoe akaunti ya Mi wala laini kwenye simu mpaka ziishe. Hizo siku saba ni zako za kufanya bakapu bila haraka. Butiloda ikifunguka tu simu inajifuta yenyewe, kabla hata ya LineageOS, na wengi wanaumia hapo kwa kudhani kufungua ni kufungua tu. Hivyo ya kwako yote yawe yameshatoka na kukaguliwa.

Kuhusu benki, nakwambia ukweli ili uamue mapema. Programu nyingi za benki hukagua kama butiloda iko wazi, zikiona hivyo zinakataa kufunguka. Zipo njia za kuzizungusha lakini kwa hela za watu 22 mimi sikushauri hata moja. Kama benki yenu ina huduma ya kubonyeza nyota, tumia hiyo. Kama haina, usibadilishe programu ya simu hii.

Tena jaribu kwanza hili. Simu ya GB 64 iliyobakiwa na GB 3 lazima iwe nzito, hata ingekuwa mpya. Mkishavuta kila kitu na kukikagua, futa video na picha za makundi ya WhatsApp zifike walau GB 15 za wazi, uitumie siku mbili. Ukiridhika, acha. Usiporidhika, endelea.

Jambo la mwisho la kijana: ahakikishe jina la ndani la simu. Redmi Note 8 ni ginkgo. Note 8T ni willow, Note 8 Pro ni begonia, na ile Note 8 ya 2021 ni biloba. Hizo mbili za mwisho ni MediaTek kabisa, ingawa kwa nje zinafanana majina. Na ashushe romu ya Xiaomi ya ginkgo, ile ya fastboot (inayowekwa kwa waya kutoka kompyuta), aiweke pembeni, kwa siku ya kurudi nyuma. Siku hiyo ikifika, kwenye Mi Flash, programu ya kompyuta ya kuirudishia, kuna chaguo chini linaloitwa clean all and lock, na mara nyingi ndilo huwa limeshachaguliwa. Abadilishe iwe clean all. Akifunga butiloda juu ya romu isiyo ya eneo la simu hiyo, simu haiwaki.

MwekaHazina_Kihonda

Narudi na mrejesho, ni wiki ya pili sasa.

Bakapu ya meseji ilitoa faili, kijana akalifungua: count ilikuwa 4112. Tulitafuta miamala mitano, minne tukaipata. Wa tano, wa Agosti 2023, haukuwemo. Nilishtuka nikasema basi tusiendelee. Kumbe mwezi ule nilikuwa natumia simu ya mume wangu, yangu ilikuwa kwa fundi kioo, na meseji ile iko kwake. Nimeitoa kwake kwa njia ile ile, sasa nina mafaili mawili. Bila kutafuta kwa namba ya muamala nisingejua maisha yangu yote kwamba mwezi mzima haupo kwenye simu yangu.

Sauti za kwaya zimetoka 386. Nimesikiliza nane. Moja ina sauti ya mwenzetu wa alto aliyehamia Songea, sikukumbuka kama ninayo.

Tulifuta video za makundi, zikapatikana GB 21. Simu ikawa nafuu siku tatu, ikarudia uzito. Benki yetu ina huduma ya nyota, nimeijaribu kwa kuhamisha shilingi 5,000, ikafika. Basi jana tumeendelea. EFS na Persist ziko kwenye laptopu na kwenye flashi yangu. LineageOS imewaka, IMEI zote mbili ni zile zile za daftarini, kidole kinasoma. Meseji tumezirudisha: programu iliomba kwanza iwe ndiyo kuu ya meseji, tukakubali, ikafanya kazi kama dakika sita, kisha tukarudisha ya kawaida. Nimefungua ile ya 85,000. Ipo, na tarehe yake.

Programu ya benki imekataa kama ulivyosema.

Sasa kijana anataka kufuta folda kwenye laptopu yake, anasema limemlia GB 40. Namruhusu?

Fundi_Makoroboi

Hongera dada, na mpe hongera kijana, amefanya kazi ya uangalifu.

Asifute bado. Nunua flashi nyingine ya GB 64, folda lote lihamie humo, likaguliwe tena kama mlivyolikagua mwanzo, kisha laptopu yake aiachie nafasi. Faili la meseji na lile la EFS mpe na katibu nakala. Ya EFS andika juu yake kwamba ni ya simu hii tu, isije ikarudishwa kwenye simu nyingine. Na ile ya meseji isiguswe mpaka mvunje kikoba na kila mama asaini alichopokea.