Mjadala: Taarifa za mwendo wa gari zikifika kwa bima na kwa mkopeshaji, dereva aulizwe kwanza?

Mleta mada

Ndugu wachangiaji, nawaletea suala ambalo linatugusa wengi na bado halijazungumzwa inavyostahili. Hapa Tanzania mabasi ya mikoani yamefungwa mfumo wa kufuatilia mwenendo unaosimamiwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini; mfumo huo hutuma mahali basi lilipo na kasi yake muda wote wa safari, na dereva hujitambulisha kwa kitufe chake ili kosa lihesabiwe kwa jina lake, si kwa namba ya gari peke yake. Mfumo huu nauunga mkono kwa moyo wote. Kikomo cha kilomita 80 kwa saa kilikuwa kikivunjwa kila mara trafiki anapokuwa mbali. Sasa ushahidi wa kasi unabaki hata mahali ambapo hakuna askari.

Ninachouliza ni hatima ya taarifa hizo, pamoja na zile za vifaa ambavyo wenye magari hufunga wenyewe, baada ya kazi ya usalama kwisha. Wanaozihitaji ni wengi. Bima ingependa kumjua dereva anayeshika breki za ghafla. Wakopeshaji wa pikipiki na bajaji hufuatilia chombo kilipo, na wapo wanaokizima kwa mbali marejesho yakichelewa. Forodha hufuatilia shehena zinazopita kwenda nchi jirani kwa lakiri za kielektroniki, yaani vifungio vya mzigo vinavyotuma taarifa. Msimamo wangu ni kwamba taarifa iliyokusanywa kwa ajili ya usalama isihamishiwe biashara nyingine mpaka dereva aulizwe, aoneshwe kilichoandikwa juu yake, na awe na mahali pa kukipinga.

Tukio la Marekani linanifanya nishikilie hapo. Mwezi Machi 2024 gazeti la New York Times liliandika kwamba taarifa za uendeshaji kutoka magari ya General Motors zilikuwa zikifika kwa LexisNexis, kampuni inayowauzia bima ripoti za madereva. Mwenye gari mmoja, aliyeshangaa bima yake kupanda kwa asilimia 21, alipoomba ripoti yake alikuta zaidi ya kurasa 130 zinazoeleza safari 640 za miezi sita: saa ya kuondoka na kufika, umbali, mwendo uliozidi na kila breki kali. Januari 2025 mamlaka ya biashara ya nchi hiyo, FTC, ilitangaza hatua ya kuizuia General Motors kwa miaka mitano kupeleka taarifa za namna hiyo kwa kampuni za ripoti za wateja, na ikaeleza kwamba mahali gari lilipo palikuwa pakinakiliwa hata kila baada ya sekunde tatu. Kama hayo yaliwapata wenye magari wenyewe, dereva wa kuajiriwa, ambaye hajaoneshwa ukurasa wowote wa kukubali masharti, atajiteteaje?

Mchangiaji, msafirishaji wa mizigo

Ndugu mleta mada, nakuheshimu, lakini umeyaangalia mambo kwa upande mmoja. Lori ni langu, deni la benki ni langu, na mafuta nanunua mimi. Gari likitoka Dar es Salaam kwenda Tunduma nalazimika kujua limesimama wapi, injini imewashwa saa ngapi bila gari kutembea, na tangi limepungua kiasi gani, kwa sababu wizi wa mafuta umewafilisi wenzetu ambao magari yao yalikuwa kazini kila siku.

Tena taarifa hizo ndizo zinazoweza kututoa sisi wadogo. Benki inaniuliza dhamana ya nyumba ambayo sina. Nikiweza kuionesha mwaka mzima wa safari, kwamba magari yangu hayakai bure na mizigo inafika, nina kitu cha kuzungumza nacho. Ukiweka masharti mazito, watakaoumia ni wenye magari mawili matatu. Makampuni makubwa yana wanasheria wao.

Mchangiaji, dereva wa masafa marefu

Naomba nimjibu tajiri hapo juu kwa adabu. Kwenye kampuni moja niliyofanyia kazi tulilala mahali penye mwinamo, na kipimo cha tangi kikaonesha mafuta yameshuka. Asubuhi gari lilipokaa tambarare kipimo kikarudi kilipokuwa, lakini ofisi ilikuwa imekwisha kusoma ule mstari wa usiku, na fedha zikakatwa kwenye mshahara wangu. Niliomba kuoneshwa karatasi nzima, mstari wa usiku pamoja na wa asubuhi, nikaambiwa mfumo hausemi uongo.

Vivyo hivyo kwa breki. Ukiteremka mlima Kitonga na lori lenye mzigo, bodaboda akakuingilia kwenye kona, utafunga breki, na ukifanya hivyo umeokoa mtu. Kifaa kitaandika breki kali, saa na mahali, bodaboda hakimwandiki.

Mchangiaji, wa sekta ya bima

Kwa sasa bima kubwa hukadiriwa hasa kwa thamani na matumizi ya gari. Tajiri anayewapumzisha madereva wake anaweza kulipa sawa na anayewakimbiza, na hilo si haki. Taarifa za mwendo zingeturuhusu kumpunguzia yule wa kwanza.

Mleta mada

Nashukuru. Ndugu msafirishaji, haki yako ya kujua gari lako lilipo siipingi hata kidogo, na hoja yako ya mkopo imenishawishi: benki inahitaji safari, tani na siku za kazi za gari, na hayo yote yanaweza kutolewa bila jina la dereva. Kwa bima nakubali punguzo linaloombwa na mteja mwenyewe. Nisichokubali ni alama anazopewa dereva kutokana na taarifa hizo kumfuata kutoka kwa mwajiri mmoja hadi mwingine, wakati mstari wa usiku umetengwa na wa asubuhi kama alivyoeleza ndugu yetu dereva.

Sheria tunayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa lengo mahususi na inampa mhusika haki ya kuzifikia na kudai makosa yarekebishwe. Kwa hiyo dereva aliyenyimwa karatasi yake ana pa kupeleka malalamiko, yaani Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Bado sijaona mikataba ya ajira inasemaje. Aliye na mkataba wa dereva unaotaja kifaa cha ufuatiliaji na namna taarifa zake zitakavyotumika, naomba anakili kipengele hicho hapa baada ya kufuta majina, tukisome pamoja kabla ya kuendelea.