Eti bustani ya nyumbani ni kazi ya dakika kumi kwa siku! Yule jamaa atuombe radhi

Mgongo_Uma
Wakuu, nimetoka kuitazama video sasa hivi na mikono bado inatetemeka. Mnamjua. Simtaji. Yule mwenye kofia isiyo na jasho na glavu ambazo udongo zinausikia kwa jirani tu.

Safari hii kavuka mpaka. Kashika gugu la ndago kwa vidole viwili, kavuta, majani yakakatika, kaipungia kamera: "Mnaona? Palizi ndiyo imekwisha hiyo." Halafu katabasamu. KATABASAMU, wakuu!

Kilichotoka ni majani matupu. Ndago yenyewe iko chini, viazi vidogo vyeusi vilivyoungana kwa nyuzi, vingi vimo ndani ya sentimita 15 za juu. Ukivuta kwa vidole uzi unakatika, kiazi kinabaki, macho yaliyolala yanaamka, na baada ya siku chache badala ya moja una tatu. Inataka uma wa bustani, si jembe, maana jembe linakata nyuzi na kusambaza viazi tuta zima. Zamisha meno yote, inua bonge lote, pasua kwa mkono, fuata uzi mpaka kiazi. Anika juani mpaka kikauke kabisa. Kwenye mboji usikitupe ng'o. Kisha unarudia kila wiki mbili hivi, kabla chipukizi halijapata nguvu ya kutengeneza viazi vipya. Msimu mzima, na unaofuata.

Yeye vidole viwili. Na tabasamu.

Dakika kumi? Tuta la mita 3 kwa 1.2, mvua isiponyesha, linataka kama milimita 25 za maji kwa wiki. Hizo ni lita 90. Kopo la kumwagilia la lita 10, makopo tisa, tuta MOJA. Hapo nyanya hazijapunguzwa machipukizi ya kwapani, karoti hazijapunguzwa miche, matango yameparamia maharage. "Palizi ndiyo imekwisha hiyo." Mtu huyu ana watazamaji!

koa_wa_saa_nane
Zile glavu bado zina mkunjo wa dukani 😂😂 Nimecheka mpaka nimeshindwa kupumua.

Bibi Reki
Mleta uzi, povu lote hili kwa ajili ya ndago? Tandaza maboksi, weka majani makavu juu, kalale.

Mgongo_Uma
Bibi, shikamoo, lakini hapo hapana. Chipukizi la ndago lina ncha kali, linatoboa hata plastiki nyeusi nyembamba, sembuse boksi lililolowa. Maboksi yanafaa kwa magugu yatokanayo na mbegu, kwa kuwa hayo yakikosa mwanga yanakufa. Ndago ina akiba chini. Na mbona hakuna anayezungumzia lile tabasamu?

Bibi Reki
Marahaba. Basi lia.

tuta_la_tatu
Mnamshambulia kwa palizi mkaacha dhambi kubwa. Tazameni matandazo yake dakika ya mwisho. Kayarundika mpaka yamekumbatia shina la nyanya! Matandazo ni unene wa sentimita 5 hadi 8, na unaacha nafasi ya sentimita 5 kuzunguka shina. Yakibana, shina linabaki na unyevu, gome linaoza, na koa wanapata chumba cha bure.

Kopo_Linalovuja
Afadhali huyo. Kuna mwingine, naye mnamjua, kila nyanya ikiwa na kitako cheusi yeye anahubiri maganda ya mayai. Jamani! Kitako cheusi ni kalsiamu kutofika kwenye tunda, na mara nyingi udongo unayo tele. Kinachokosekana ni maji ya mpangilio. Unakausha siku nne, unafurikisha ya tano, tunda linaumia. Mwagilia kwa kina mara mbili au tatu kwa wiki, chini kwenye shina, asubuhi. Kunyunyiza kila jioni kunalowesha sentimita mbili za juu na kualika ukungu kwenye majani. Maganda yanachukua muda mrefu mno kuoza, hayatamwokoa mtu msimu huu.

mbojimoto
Nami niseme langu kuhusu wanaoita rundo la maganda ya jikoni "mboji". Hilo ni jalala. Kwa ujazo, weka sehemu tatu za vikavu (majani makavu, vipande vya boksi, mabua) kwa moja ya vibichi. Rundo lisipofika karibu mita moja kila upande halishiki joto, na lisipofika nyuzi joto 55 mbegu za magugu zinabaki hai, kwa hiyo unayapanda mwenyewe ukitandaza. Geuza kila wiki moja au mbili. Ukikamata konzi na kubana, yatoke matone mawili matatu tu. Likinuka yai viza, limelowa mno, ongeza vikavu na uligeuze.

Mgongo_Uma
Tusitoke kwenye mada wakuu! Vidole viwili! Kaipungia kamera!

koa_wa_saa_nane
Mkuu, unaota hilo tabasamu usiku? Nenda kwa daktari 😂

Toroli Bovu
Ndago, ndago, ndago. Ndago haili mche. Miche ya kabichi inalala mizima inaamka imekatwa usawa wa ardhi, imelala ubavu kama imepigwa panga. Nani analalamikia hilo?

tuta_la_tatu
Hao ni koa.

Toroli Bovu
Koa hutafuna jani, huacha matundu na utelezi unaong'aa. Mche uliokatwa shina safi ni sota, yule kiwavi wa udongoni. Tofautisheni, mnapoteza chambo bure.

Bibi Reki
Toroli yuko sahihi. Sota haanguki na chambo cha koa hata kidogo. Na wengi wanamkaribisha wenyewe, wanalima leo wanapanda kesho. Palilia mapema, acha tuta tupu wiki mbili hivi kabla ya kupanda, magugu yasiwepo ya kumlisha.

Kopo_Linalovuja
Bibi, wiki mbili za tuta tupu, ndago si itasherehekea?

Bibi Reki
Ndago nimemwachia mwenye uzi wake.

mbojimoto
Na zile kola za karatasi ngumu kuzunguka mche, zinafanya kazi au ni porojo za video?

Toroli Bovu
Zinafanya, kama hukuzikalisha juu tu. Kata pete ya boksi, zamisha sentimita 2 hadi 3 ardhini, juu ibaki 5. Ukiiweka juu ya udongo anapita chini. Na kabla ya kupandikiza mwingine, fukua kwa kidole kando ya mche uliokatwa, sentimita chache tu. Mara nyingi yuko hapo hapo, kijivu, amejikunja, ameshiba.

koa_wa_saa_nane
Ukimpata unamfanyaje?

Toroli Bovu
Kuku.

Kopo_Linalovuja
Msinianzishie habari ya kuku humu. Kuku wa watu wakiingia kwenye matandazo dakika tano tu, unarudia kutandaza tuta zima.