Mjadala: Soda na peremende ziondolewe shuleni, au kijana aachwe ajifunze kujizuia?

Mtoa mada

Wakuu, salaam. Kila tukizungumzia ulaji wa vijana tunaishia kwenye nasaha: kula mboga, punguza sukari, usiache kifungua kinywa. Hakuna kijana wa miaka 16 asiyeyajua hayo. Swali langu ni hili: shule zipige marufuku kuuza soda, biskuti na peremende ndani ya uzio, au tumwachie kijana achague mwenyewe?

Mimi nasema zipige marufuku, na si kwa sababu vijana hawana akili. Hebu tazameni mapumziko ya asubuhi. Kengele imelia, muda ni mfupi, foleni imejaa dirisha la kantini. Kuna bakuli la matunda ambayo ngozi imeshaanza kusinyaa, na pembeni yake friji yenye taa ndani, chupa zimepangwa rangi kwa rangi na baridi inatoka jasho kwenye kioo. Mtoto ana njaa. Hapo hachagui kitu, ameshachaguliwa.

Na kopo moja la soda ya kawaida la mililita 330 lina kama gramu 35 za sukari, karibu vijiko tisa vya chai. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2015 unataka sukari ya aina hiyo isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ibaki chini ya asilimia 5, yaani kama gramu 25 kwa mtu mzima. Kabla hata mchana haujafika, kopo moja limeshavuka. Chile iliamua mwaka 2016: bidhaa yenye sukari, chumvi, mafuta au kalori kupita kiwango inabandikwa alama nyeusi ya pembe nane, na yenye alama hiyo haiuzwi shuleni. Kwa nini wengine tushindwe?

Mzazi

Mtoa mada, nakupinga. Ukifunga kantini, mchuuzi yuko hatua chache nje ya geti. Denmark waliweka kodi kwenye vyakula vya mafuta mengi kama siagi Oktoba 2011. Watu wakawa wanavuka mpaka kununua, na kufika Januari 2013 kodi ikawa imefutwa. Mtu akitaka kitu atakifuata kilipo.

Halafu kuna jambo mnalisahau. Wangu akimaliza shule ataenda chuo, atakuwa na chumba chake na pesa zake mfukoni. Kama hajawahi hata siku moja kusimama mbele ya friji hilo akasema "leo hapana", atalijifunzia wapi? Kujizuia ni mazoezi, na mazoezi hayafanywi penye ukuta.

Mtoa mada

Mzazi mwenzangu, la geti nakupa nusu. Mwenye hamu kali atatoka. Ila wengi hawana hamu kali, wana njaa na uvivu kidogo, kama mimi na wewe.

La mazoezi silikubali. Mwaka 2019 Marekani, mtafiti Kevin Hall na wenzake waliwaweka watu wazima 20 kituoni. Wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi, wiki mbili nyingine vyakula vya kawaida. Milo yote ililinganishwa kwa kalori, sukari, mafuta na chumvi, na kila mtu akaambiwa ale apendavyo. Kwenye vile vya kusindikwa walikula kama kalori 500 zaidi kwa siku, wakaongezeka karibu kilo moja. Kujizuia kwa watu wazima hao kulikuwa wapi? Kama wao hawakugundua, mnamdai nini mtoto wa kidato cha pili?

Tabia hujengwa kwa kurudia kitu kilekile mahali palepale. Watafiti wa chuo kikuu kimoja cha London waliwafuatilia watu 96 wakijaribu kujizoesha jambo moja dogo, mfano kula tunda wakati wa chakula cha mchana. Kwa wastani ilichukua siku 66 hadi lije lenyewe, wengine 18, wengine hadi 254 kwa makadirio. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Sasa huyo wa siku 254, bila tunda la kueleweka pale kantini, atafika?

Mwalimu

Nichangie kidogo. Kwetu marufuku ilikuja bila kitu mbadala. Biskuti zikahamia mabwenini, bei mara mbili, na wauzaji wakawa viranja. Finland inawapa wanafunzi wote chakula cha mchana bure tangu 1948. Anzeni na sahani, ndipo mje kwenye marufuku.

Kijana

Shikamooni. Mnatujadili kama hatupo humu. Nikiambiwa "hiki kibaya kwa afya yako" nasikia mahubiri tu, maana ugonjwa mnaousema utakuja nikiwa na miaka 50. Mtu aliyekaa ofisini kupima utamu ufike wapi ili nisiweze kuacha pakiti nusu, huyo ndiye ananiudhi. Mbona hilo hamtuambii?

Mtoa mada

Kijana, marahaba, na umegusa penyewe. Utafiti wa Texas uliochapishwa 2016 ulijaribu hasa hilo. Wanafunzi wa miaka 13 na 14 walioelezwa mbinu za kampuni za vyakula, na jinsi zinavyowalenga watoto, siku iliyofuata walichagua vitafunwa bora kuliko waliopewa somo la kawaida la lishe. Walijiona wanagoma, si wanatii.

Basi narekebisha hoja: chakula kamili kwanza kama alivyosema mwalimu, wanafunzi wenyewe wakae kwenye kamati ya kantini, kisha friji liondoke. Kwenye kuondoka sirudi nyuma.

Mzazi

Kamati naiunga mkono. Lakini friji hilo mara nyingi limeletwa na kampuni ya soda bure, na mwenye kantini analipa pango ambalo shule inalitegemea kununulia vifaa. Pengo hilo litazibwa na ada yangu? Semeni hapo, nami nitabadili msimamo.