Tupeane uzoefu: bustani ya mboga bila kumalizia hela kwa vibarua (Arusha na Moshi)

Mleta mada, Usa River:
Wakuu, nina robo eka ya nyanya na mnafu. Msimu uliopita hela ya soko la Tengeru naipata Jumamosi, Jumatatu yote iko kwa wapalizi. Safari hii nimetandaza majani makavu ya migomba kwenye matuta. Palizi tatu zimebaki moja, tena ya kung'olea kwa mkono, na maji niliyokuwa nafungulia kila baada ya siku tatu sasa naweza kusubiri tano. Kosa langu: niliyasogeza mpaka kwenye shina, miche kama ishirini ikaoza. Acheni nafasi ya kiganja. Wengine mnapunguzaje kazi? Semeni na hasara, sio mavuno tu.

Wa Kibosho:
Kwangu shida ni maji. Zamu yangu ya mfereji ilikuwa ikiangukia usiku, natembea na tochi na jembe kugeuza maji tuta kwa tuta. Nikanunua simtanki la lita 1,000, nikaliinua juu ya kichanja, nikafunga mipira ya matone. Wiki ya kwanza tundu nyingi zikaziba kwa tope. Aliyeniuzia hakugusia chujio kabisa! Sasa maji ya mfereji yanatulia kwanza kwenye pipa, yanapita kwenye chujio ninaloliosha kila siku. Asubuhi nafungua koki, naenda kukamua ng'ombe.

Wa Ngarenanyuki:
Trei za miche zimenisaidia kuliko yote. Mbegu moja tundu moja, mche unatoka na udongo wake, haulali ukipandikizwa. Mbegu za chotara mnajua bei yake, zamani kwenye kitalu cha kumwaga nilikuwa natupa nyingi.
Ila kuna kazi moja nilijaribu kuikwepa, ikanigharimu: kuokota nyanya zilizotobolewa na kantangaze, wale viwavi wa nondo mdogo. Nilipiga dawa tu, zilizoanguka nikaziacha shambani. Mavuno ya tatu nusu ya kreti ilikuwa ya kulisha nguruwe. Sasa naokota na kuzifukia, kibarua namlipa kwa hiyo kazi na sinung'uniki.

Wa Himo:
Majani ya migomba kwangu yaliita mchwa, kiangazi wakahamia kwenye pilipili hoho. Kuna mwenye dawa yake?

Mleta mada:
Mkuu wa Himo, mimi natandaza mvua ikishakolea, sijawaona. Wa Kibosho, hicho kichanja kina urefu gani? Tanki langu nimeliweka juu ya tofali mbili, tuta la mwisho halipati kitu.

Wa Kibosho:
Kifuani kwangu, kama mita moja na nusu. Tofali mbili hazisukumi maji, ndugu.