Kuhamishia mipangilio ya Bash kwenye kompyuta mpya

Swali, kutoka Jinja

Ndugu zangu, naomba msaada wenu. Wiki iliyopita umeme ulikatika usiku kucha, na uliporudi ulirudi kwa nguvu mno, ukaiunguza kompyuta yangu. Nimenunua nyingine iliyotumika, nikaiwekea Ubuntu kama ile ya kwanza. Faili zangu zilizofichwa, zenye mipangilio ya Bash (programu inayopokea amri kwenye terminali) na ya programu nyingine, yaani .bashrc, .profile, .gitconfig, .vimrc na folda ya .ssh, nilikuwa nimezinakili kwenye flashi, kwa hiyo nilizirudisha mahali pake nikidhani kazi imekwisha. Sivyo. Vifupisho vyangu vya amri vinafanya kazi nikifungua terminali, lakini nikiingia kwenye mashine hiyo kwa SSH (njia salama ya kuingia kwenye kompyuta nyingine kupitia mtandao) kutoka ofisini havionekani. Programu zilizomo katika ~/bin (folda ya bin ndani ya folda yangu ya nyumbani) hazipatikani kabisa. Na SSH inakataa ufunguo wangu, ikidai kwamba faili yake iko wazi mno. Zaidi ya kurekebisha haya, ningependa kuzipanga faili hizi ili siku kompyuta ikiharibika tena nirudi kazini ndani ya nusu saa bila kupakua mambo mengi, maana data ninanunua ya siku kwa siku.

Jibu, kutoka Mbarara

Pole sana kwa hasara hiyo. Tuanze na vifupisho, kwa sababu hapo ndipo wengi hupotea. Ukiingia kwa SSH, Bash husoma /etc/profile, kisha hutafuta .bash_profile katika folda yako, ikikosekana hutafuta .bash_login, na hiyo nayo ikikosekana ndipo huifikia .profile. Ile ya kwanza kupatikana ndiyo pekee inayosomwa. Katika Ubuntu, .profile ndiyo inayoiita .bashrc. Basi andika `ls -a ~` uone kama ipo .bash_profile, kwa kuwa baadhi ya programu huiunda zenyewe zinapowekwa, na tangu siku hiyo .profile haisomwi tena. Ukiikuta, hamishia mistari yake kwenye .profile, kisha uifute.

Kuhusu ~/bin, nadhani jina lako la mtumiaji katika mashine mpya si lile la zamani, na PATH yako (orodha ya folda ambamo Bash hutafuta programu) imeandikwa kwa jina hilo la zamani. Weka `$HOME/bin`, na usiandike tena njia nzima kwa mkono.

Ufunguo nao umeathiriwa na flashi: mfumo wa FAT hautunzi ruhusa za faili za Linux. `chmod 600` itaiondoa hitilafu, lakini kwa kuwa flashi hupita mikononi mwa watu, ningekushauri utengeneze ufunguo mpya kwa `ssh-keygen -t ed25519`.

Jibu, kutoka Gulu

Nakubaliana na ndugu wa Mbarara. Kwa upande wa mpangilio, mimi hutumia Git (programu inayotunza historia ya mabadiliko ya faili) pamoja na GNU Stow (programu inayounda viungo vya faili). Faili halisi zinakaa ~/dotfiles, ndani yake mna folda za bash, git na vim, na nikiwa humo nikiandika `stow bash`, Stow hutengeneza katika folda iliyo juu yake kiungo kinachoielekeza .bashrc kwenye faili halisi. Ubuntu humpa kila mtumiaji mpya .bashrc yake, na Stow haitaifuta, bali itagoma. Kwa hiyo iondoe kwanza: `mv ~/.bashrc ~/.bashrc.awali`. Wapo wanaopendekeza `--adopt`. Mimi siipendi, kwa sababu huichukua faili ya mashine mpya na kuiweka juu ya ile uliyoitunza, na kama hukuwa umeihifadhi katika Git, imekwenda.

Mambo ya mashine moja tu yasiingie humo. Mwishoni mwa .bashrc yangu pana mstari huu:

`[ -f ~/.bashrc.hapa ] && . ~/.bashrc.hapa`

Faili hiyo haimo katika Git. Kila kompyuta ina yake.

Kwa ajili ya data, tengeneza hazina kwenye flashi kwa `git init --bare`, na uwe unasukumia huko mabadiliko yako. Kwenye mashine mpya utahitaji kupakua Git na Stow tu. Mengine yote yatatoka kwenye flashi kwa `git clone`, na ruhusa za kuendesha skripti zako zitabaki salama ndani ya Git hata kama flashi ni ya FAT.

Jibu, kutoka Kampala

Kabla ya kuhifadhi chochote, pitia .bashrc yako mstari kwa mstari ukitafuta nywila na tokeni (misimbo ya siri ya kuingilia huduma). Ikishaingia katika Git, kuifuta kesho hakuiondoi katika historia, na dawa pekee ya uhakika ni kuibadilisha nywila yenyewe.

Muulizaji, kutoka Jinja

Nashukuru sana. Kweli .bash_profile ilikuwepo, yenye mstari mmoja ambao sikuuandika mimi. Nimeuhamisha, na sasa vifupisho vinaonekana hata kwa SSH. PATH nayo ilikuwa na jina la zamani, kama mlivyosema. Katika .bashrc nilikuta tokeni moja, nimeibatilisha na kuweka mpya katika .bashrc.hapa. Ufunguo mpya tayari unafanya kazi, na ule wa zamani nimeuondoa katika authorized_keys (orodha ya funguo zinazoruhusiwa kuingia) ya seva zote mbili.